Daftari la Dobi

Tiketi yuro nne. Watoto bure.
Inameni hapo, mlango wa ghorofani ni mfupi:
Anselme Courtavel alikuwa mtu wa kimo kidogo,
jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliandika popote.

Aliishi hapa miaka tisa,
hapa Saint-Orvin, penye manyunyu yasiyokoma,
ambako mawe huota kuvu kama mkate.
Katika barua kwa dada yake aliuita mji wetu
zizi lenye kanisa.
Leo mtaa una jina lake,
na shule, na duka la dawa,
na biskuti fulani zinazovunja meno.
Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu.
Huyu hayupo, na kila kitu ni chake.

Wageni hufika na kitabu mkononi,
kidole kimebanwa kati ya kurasa.
Mto uko wapi?
Nawaonyesha. Wananyamaza.
Kitabuni ni mto mpana, wenye ngurumo,
uliomeza mashua mbili na padri.
Huu wetu mbuzi huuruka huku anatafuna.

Na dirisha la buluu?
Ndilo hilo. Lilikuwa la kahawia
hadi watu wa basi moja kutoka Lyon walipolalamika,
meya akaleta kopo la rangi, na mpwa wake.
Meza si yake.
Yake aliiweka rehani kwa muuza nyama,
na ukoo wa Tixerand hadi kesho
wanachunia sungura juu yake.

Mimi naitwa Ghislaine. Funguo nimezirithi.
Bibi yangu, Zélie Maubrac,
ndiye aliyekuwa dobi wa nyumba hii.
Mnamjua. Mmemsoma.
Ni yule binti wa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
anayeingia mtoni usiku, nywele zimefumuka,
na vijana wa chuo wakifika hapo hulia.

Bibi yangu hakufa maji.
Angejilaza chali katikati ya mto ule,
maji yasingemfika masikioni.
Alizika waume wawili.
Alifuga bata, alicheza karata kwa pesa,
akiiba waziwazi, tukimwona, tukinyamaza.
Alikufa na miaka tisini na mmoja, kitandani,
akigombana na daktari juu ya chumvi.

Kile kitabu alikuwa nacho, rafuni, kando ya siki.
Tangu ukurasa ule hadi mwisho
alikuwa amekibana kwa kibanio cha nguo.
Nilikuwa mdogo, nikamuuliza kwa nini.
Ili maji yasivuje, akasema,
akaendelea kumenya viazi.

Njooni huku, kwenye kabati la kioo.
Kalamu. Miwani. Kufuli la sanduku.
Na hili daftari, ambalo nililiweka mimi,
meya akidhani ni la mwandishi:

*Mashati sita. Shuka mbili. Hajalipa.*
*Mashati manne. Doa la wino kwapani,*
*sijui limefikaje huko. Hajalipa.*
*Soksi saba. Hajalipa. Amenisomea kitu kirefu*
*nikiwa na maji ya moto mikononi.*

Na chini kabisa, mwandiko umetulia:
*Ameondoka alfajiri. Shati moja limebaki kambani.*

Hakuna anayelisoma. Wanapiga picha kalamu.
Kuna profesa aliwahi kunieleza, amesimama hapo mlipo,
jinsi mahali panavyomfinyanga mwandishi,
udongo, ukungu, kengele, na kadhalika.
Sikumbishia. Saa ya kufunga ilikuwa imefika.
Ila dawa ya deni ni kulipa,
na hesabu ya bibi nimeijumlisha mara mbili:
mashati elfu moja mia moja na tisa.

Naam, mama, uliza.
Lile lililobaki kambani?
Alilivaa babu yangu siku ya harusi.
Lilimkaa vizuri.
Mikono tu ndiyo ilikuwa mifupi.